Kuchukua pembe za parseli Goma kwa simu na setilaiti

Nimeandika haya baada ya kumsaidia jirani kutafuta pembe za parseli yake, yaani kiwanja chake, upande wa Buhene, ambako lava ya volkano Nyiragongo ya Mei 2021 ilifunika alama zote za mipaka.

1. Simu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, za Galileo, mfumo wa Ulaya, kilomita 23,222. Zenyewe zinatuma, simu inapokea tu, kwa hiyo hakuna unite (salio la simu) inayoliwa. Tafuta simu inayopokea masafa mawili, L1 na L5. Ya L1 peke yake mimi siipimii parseli. Umbali unatokana na muda: wimbi likigonga bati la jirani na kuchelewa nanosekunde 10, simu inaongeza mita 3. Msimbo wa L5, yaani mfuatano wa alama unaobebwa na wimbi, una kasi mara kumi ya ule wa kawaida wa L1, hivyo simu hutenganisha vizuri zaidi wimbi lililonyooka na lililogonga ukuta. Setilaiti kongwe za GPS hazina L5, lakini za Galileo hutuma masafa hayohayo kwa jina la E5a.

2. Programu. GPSTest ya kuangalia setilaiti, QField ya kurekodi. Zinatosha.

3. Kupima. Nenda asubuhi. Jua likishazama hadi kama usiku wa manane, hasa karibu na Machi na Septemba, anga la juu la ukanda wetu huyumbisha mawimbi. Funga simu kwenye fimbo ndefu kupita kichwa chako. Kila setilaiti ya GPS hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30. Bila intaneti, subira. Kaa dakika kumi kila pembe, uchukue wastani.

4. Mfumo wa namba. Hapa ndipo siku nzima inapotelea, soma polepole. UTM ni mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kutaja mahali kwa mita; WGS 84 ni umbo la dunia ambalo GPS hutumia. Goma iko UTM kanda ya 35 kusini, WGS 84, na kwenye EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, namba yake ni EPSG:32735. Orodha ina pia 32635, ambayo ni kanda 35 kaskazini, na macho huzichanganya kirahisi. Kusini mwa ikweta tunahesabu kutoka milioni 10 tukishuka, ndiyo maana namba ya kaskazini kwetu ni milioni 9.8 na kitu. Ukiiweka kwenye 32635, parseli inaruka hadi karibu na Ncha ya Kaskazini. Hilo utaliona mara moja. Linalodanganya ni digrii: mtu anaandika latitudo 1.65 bila alama ya kutoa inayoonyesha kusini, na pembe zinaangukia Ituri, upande wa Mambasa, bado ndani ya Kongo, ramani ikionekana sawa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kiwanjani, fungua picha ya angani na uhakikishe unaona ziwa Kivu kusini yako. Angalia pia mpangilio: namba ya mashariki hapa huwa laki saba na kitu. Ukikuta milioni 9 mahali pake, safu zimebadilishana.

5. Mita ya kuvuta. Simu nzuri mahali peupe bado hukosea mita kadhaa. Urefu wa kila upande, na wa pembe hadi pembe, upimwe kwa mita ya mita 50, watu wawili, majirani wa pande zote wakiwepo. Simu inaonyesha parseli iko wapi. Ukubwa wake unatoka kwenye mita.

6. Kadasta. Peleka namba na vipimo kwa mpimaji wa kadasta, ofisi ya serikali ya mipaka ya ardhi, maana simu haitoi hati. Mwandikie «WGS 84, UTM 35 kusini» juu ya karatasi.