Namna ya Kupanga Jaribio la Kuigiza Vyeo Bila Kuwaumiza Washiriki

Kabla ya kutafuta hata mshiriki mmoja, andika jina la mtu atakayekuwa na mamlaka ya kulisimamisha jaribio. Asiwe wewe. Agosti 1971, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwagawa vijana waliojitolea kuwa walinzi na wafungwa, naye alikuwa mtafiti mkuu na wakati huohuo msimamizi wa gereza hilo la kuigiza. Jaribio lililopangwa kuchukua wiki 2 lilivunjwa siku ya 6, baada ya mwanasaikolojia Christina Maslach, aliyefika kama mgeni, kupinga mambo aliyoyaona. Mtu aliyezama ndani ya igizo haoni linapomfikisha.

Andaa tangazo. Neno moja tu linaweza kukuharibia sampuli, yaani kundi la watu utakaowapima. Mwaka 2007, watafiti Carnahan na McFarland walilinganisha matangazo mawili ya kutafuta washiriki: moja lilitaja maisha ya gerezani, jingine halikutaja. Waliojitokeza kwa lile la gereza walikuwa na alama za juu zaidi za ukali na kupenda ubabe. Taja muda, kazi na malipo. Mazingira yaeleze kwenye mahojiano, kabla mtu hajatoa ridhaa. Kisha wagawe kwenye majukumu kwa kura.

Maelekezo kwa wenye mamlaka ndipo majaribio mengi yanapoharibikia. Zimbardo aliwaeleza walinzi kwamba wafungwa wanapaswa kuhisi hawana uwezo wowote. Ukisema hivyo, utakachopima ni utiifu kwa mtafiti, wala hutaweza kudai kwamba cheo chenyewe ndicho kilichowabadilisha. Waambie kazi tu: “Simamieni ratiba ya chakula na usafi. Kumgusa mtu, kumnyima usingizi, chakula au choo ni marufuku.” Waambie wote maneno yaleyale, tena yasome kwenye karatasi, usiyatoe kichwani. Mwishoni muulize kila mmoja alidhani ulikuwa unatarajia nini. Majibu hayo ni data muhimu.

Mlango wa kutokea uwe wazi kweli. Kule Stanford, wafungwa waliofika mbele ya bodi ya kuigiza ya kuwaachilia wafungwa mapema waliulizwa kama wangekubali kuacha malipo yao ili watoke. Wengi walikubali, kisha wakarudi selo kusubiri uamuzi, ilhali wangeweza kujitoa papo hapo. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iwe na sentensi hii: “Nikisema ‘najitoa’, igizo linakoma kwangu palepale, na malipo ya siku nilizokaa ni yangu.” Mwambie kila mshiriki alitamke neno hilo kwa sauti kabla ya kuanza. Akilisema baadaye, asibembelezwe wala asiulizwe sababu.

Weka vigezo vya kusimamisha kwa maandishi: kilio kisichotulia, kutishiana, mtu kugoma kula. Wanasaikolojia Haslam na Reicher, waliofanya jaribio la gereza la kuigiza pamoja na BBC, walikuwa na kamati huru ya maadili yenye uwezo wa kulikatisha wakati wowote. Walinzi wao, kinyume na wa Stanford, walishindwa kukikumbatia cheo walichopewa.

Jaribio likiisha, zungumza na kila mmoja peke yake kwanza, kikundi baadaye, kisha mfuatilie tena baada ya wiki kadhaa. Walinzi husahaulika hapa, na ndio wanaoondoka wakiwa wamejiona wakifanya mambo ambayo hawakudhani wanaweza. Mpe mlinzi muda uleule unaompa mfungwa.