Kutuzi, vumba au asetoni: namna ya kutafuta chanzo cha harufu ukibadili chakula

Mtu ameacha mahamri na wali wa nazi, amehamia samaki, mayai na mboga, na wiki ya pili anaona wanaoketi naye barazani wanageuza uso. Anapiga mswaki mara nne kwa siku, anajifukiza udi, anatafuna iliki, na hali ni ileile. Anaitibu harufu kabla ya kujua inatoka wapi. Harufu ina milango minne: kinywa, mapafu, ngozi na nguo. Dawa ya mlango mmoja haifai kitu kwa mwengine.

Pima kwanza

Pima asubuhi, kabla ya mswaki, maji wala chai. Kuanzia usiku wake usijifukize na usijipake manukato, kwa sababu udi ukishaingia kwenye nguo hutapata jibu. Pua yako mwenyewe haifai kwa kazi hii. Harufu inayoishi nayo haiisikii tena. Tafuta mtu wa nyumbani asiyekuonea haya. Mtoto wa miaka sita ni hakimu mzuri kuliko mume au mke. Akae umbali wa shibiri moja na uso wako.

Funga mdomo, mpumulie kwa pua. Kisha ziba pua, mpumulie kwa mdomo. Harufu ikitoka mdomoni tu, chanzo ni ulimi, meno au fizi, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Ikitoka puani tu, shida imo ndani ya pua. Ikitoka kotekote nayo ni ileile, imo ndani ya damu na mapafu ndiyo yanayoitoa. Hiyo mswaki hauifikii.

Kwa ulimi, chukua kijiko, kikwaruze sehemu ya nyuma kabisa, pale unapokaribia kutapika. Kitatoka na utando mweupe au wa manjano. Subiri kidogo, kisha nusa. Halafu pitisha uzi wa meno katikati ya magego, pengo moja baada ya jingine, ukiunusa kila mara. Uzi ndio utakaokuonyesha ni jino gani.

Kwa ngozi, oga usiku, jifute ukauke, vaa fulana safi ya pamba na ulale nayo. Asubuhi mpe mwenzako ainuse kwapani, kifuani na mgongoni, kila mahali kwa zamu. Ikiwa ni kwapani tu, hilo ni kutuzi la kawaida. Ikiwa fulana nzima inanuka, fikiria chakula, dawa au ugonjwa.

Watu wawili tofauti wakinusa siku tatu na wote wakasema hakuna kitu, waamini. Wako wanaoteseka na harufu isiyosikiwa na mtu mwengine, na kwao kuongeza dawa za kinywa huzidisha wasiwasi tu. Mshauri au daktari wa akili atawasaidia zaidi ya daktari wa meno.

Asetoni: uliyepunguza wanga

Hii inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, au embe lililopitiliza kuiva. Ukila wanga chini ya gramu 50 hivi kwa siku, mwili huanza kuchoma mafuta kwa wingi, na katika siku mbili hadi nne damu inakuwa na ketoni, yaani mabaki ya mafuta yaliyochomwa. Asetoni ni mojawapo, nayo hutoka kwa pumzi na mkojo. Kwa kipimo: kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi za wanga. Aliyebaki na samaki wa kukaanga, mayai na mchicha hafiki hata hapo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kungoja, ukinywa lita mbili hadi tatu za maji kwa siku, maana kwa wengi harufu hupungua baada ya wiki kadhaa. Ya pili ni kurudisha wanga kidogo: kiazi kitamu kimoja cha kadiri mchana na ndizi moja asubuhi, kisha upime tena baada ya siku tatu. Ikiwa ulitaka kupungua uzito tu, ya pili inatosha na haina mateso.

Tahadhari hapa si ya kupitia juujuu. Mwenye kisukari anayedunga insulini, au anayemeza dapagliflozin au empagliflozin, asiache wanga bila daktari wake kujua. Kwake pumzi ya asetoni inayoambatana na kutapika, maumivu ya tumbo, kiu kali au kuhema kwa nguvu ni jambo la kwenda hospitali saa ileile, hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana; dawa hizo mbili zinaweza kuleta hatari hiyo sukari ikiwa karibu na kawaida. Mjamzito na anayenyonyesha pia wasijaribu lishe ya namna hii.

Uvundo wa kinywa: nyama na mayai mengi, mate machache

Bakteria wa nyuma ya ulimi hula protini na kutoa gesi za salfa, zile za yai viza. Ukiongeza nyama, mayai au unga wa protini umewaandalia karamu. Mate ndiyo yanayowasafisha, na mate hukauka kwa kutokunywa maji, kwa mogoka na miraa, kwa dawa nyingi za mafua na mzio, na kwa kufunga. (Harufu ya kinywa cha aliyefunga ina fadhila zake, haihesabiwi hapa.)

Kwarua ulimi kabla ya kifungua kinywa, toka nyuma kuja mbele, mara tano au sita, ukisuuza kijiko kila mara. Usikwarue hadi ukatoka damu. Uzi wa meno usiku, kabla ya mswaki. Anayetumia mswaki wa mti auchubue ncha kama sentimita moja, aitafune mpaka iwe nyuzi, na aikate kila siku. Ncha ya juzi nayo inanuka. Dawa ya kusukutua yenye chlorhexidine asilimia 0.2 husaidia: mililita 10, dakika moja, asubuhi na usiku, nusu saa baada ya dawa ya meno. Isizidi wiki mbili, kwani huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Zenye alkoholi ziache, huenda zikakukausha kinywa zaidi. Karafuu na iliki hufunika tu, kwa nusu saa hivi.

Vumba: harufu ya samaki kwa asiyekula samaki saa hiyo

Hii ndiyo harufu inayowahangaisha watu wa pwani, maana Lamu au Malindi nani atamshangaa mtu anayenuka shombo? Lakini vumba linalotoka kwa jasho, pumzi na mkojo, hata baada ya kuoga, lina maelezo yake. Samaki wa baharini, na zaidi papa na ngisi, wana kitu ambacho bakteria wa utumbo hukigeuza kuwa trimethilamini, yenye vumba. Mayai, maini, figo, soya na maharagwe huleta kolini, kirutubisho ambacho nacho hugeuzwa kuwa trimethilamini. Ini lina kimeng'enya cha kuipokonya trimethilamini harufu. Kwa watu wachache kimeng'enya hicho ni dhaifu tangu kuzaliwa, na hawajui mpaka siku wanapoongeza samaki na mayai. Kwa wanawake huzidi karibu na siku za hedhi.

Jaribio ni la siku kumi. Acha samaki wa baharini wote, pamoja na pweza, ngisi, kamba na ng'onda. Acha mayai, maini, figo, soya, na vidonge vyenye kolini, lesithini au kanitini. Kunde na maharagwe zipunguze. Kula kuku, wali, viazi, mboga na matunda. Samaki wa maji baridi, kama ngege wa mtoni, wana kitu hicho kidogo sana, kwa hiyo kipande kimoja hakiharibu jaribio. Harufu ikishuka, rudisha kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, ukianza na gramu 150 za samaki. Wengi hukosea hapa: wanarudisha vyote siku ya Ijumaa na hawajui tena ni kipi. Mjamzito asijaribu haya bila daktari, kwa kuwa mtoto tumboni anaihitaji kolini.

Sabuni nayo ina neno. Trimethilamini ni ya upande wa magadi, na sabuni za mche ni za upande huohuo, zikiwa na pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 9 hadi 10. Tafuta ya kuogea yenye pH 5.5 hadi 6.5, iliyoandikwa hivyo kwenye chupa. Asidi yake hafifu huigeuza iwe chumvi isiyoruka hewani, ikaondoka na maji.

Kwa mwanamke, vumba linalotoka ukeni peke yake ni jambo jingine. Mara nyingi bakteria wa kule wamepoteza mizani, na dawa yake hutolewa kliniki. Usijioshe kwa ndani, utaongeza.

Usisahau vidonge. Aliyeambiwa juzi ana kisukari hubadili chakula na kuanza vidonge vya metformin wiki hiyohiyo. Baadhi ya vidonge hivyo vyenyewe vina harufu ya samaki, na huacha ladha ya chuma kinywani. Mfamasia anaweza kukubadilishia aina.

Kitunguu thomu na uwatu

Kitunguu thomu hutoka kwa mapafu na jasho hadi siku nzima na zaidi, hata ukikimeza bila kutafuna kwa ajili ya presha. Tofaa bichi, nanaa mbichi au maziwa hupunguza, ila vitumiwe katika mlo uleule.

Uwatu hufanya jasho na mkojo vinukie sukari iliyoungua. Hauna madhara kwa hilo, na ukiuacha harufu huisha kwa siku moja au mbili. Mzazi aliyenyweshwa uji wa uwatu amwambie daktari, kwa sababu mtoto anayenyonya naye anaweza kunukia hivyo, na ipo maradhi ya watoto wachanga yenye harufu ileile. Mtoto akiwa amelegea au hanyonyi, usiusingizie uwatu, mkimbize.

Kwapa, na chakula kinachosingiziwa

Jasho likitoka halina harufu. Bakteria wa kwapani ndio wanaoivisha. Mara nyingi chakula hakina hatia: mtu ameanza lishe mpya pamoja na mazoezi, na nguo yake ni ya poliesta, inayoshika harufu kuliko pamba. Buibui na jezi ndizo mbaya zaidi. Jaribu hivi: chukua lililofuliwa na kukauka, nyunyizia kwapa maji kidogo, pitisha pasi ya moto mdogo, inama juu ya mvuke. Likinuka, mkosaji umemshika.

Liloweke saa moja katika lita nne za maji na kikombe cha siki nyeupe, ndipo ufue kwa sabuni. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Gesi yake inadhuru mapafu. Anika ndani nje, penye upepo. Buibui jeusi liwe kivulini, lisipauke.

Kwapani, shabu bado ni dawa nzuri na ya bei ndogo: ilowanishe, paka kwenye ngozi safi, iache ikauke. Si siku uliyonyoa. Dawa ya kuzuia jasho yenye alumini hufanya kazi ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu, si asubuhi ukitoka mbio. Ndimu iache: ukipigwa na jua inaweza kukuunguza na kuacha mabaka meusi.

Yasiyongoja

Mbali na lile la kisukari: kinywa kinachonuka mkojo, pamoja na miguu kuvimba au mkojo kupungua, harufu ya uvundo mtamu na macho ya manjano, fizi zinazovuja damu na homa, kukonda usikokutaka, na kikohozi na jasho la usiku. Mtoto anayenuka tundu moja la pua pengine ametia shanga au mbegu humo, usiichokoe.

Kwa mengine, kabla ya kumwona daktari andika wiki mbili: ulichokula, dawa ulizomeza, siku za hedhi, na alama ya harufu toka 0 hadi 3 iliyotolewa na mtu mwengine. Asubuhi ya miadi usipige mswaki, usijifukize wala usijipake kitu. Wengi huingia kwa daktari wakinukia karafuu na miski, naye akanusa asione la kutibu.