Kabla Hujakoroga ORS: Mambo ya Kuzingatia Mtoto Akianza Kuharisha

Pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji ili kumrudishia mtoto maji mwilini, ziwe ndani ya nyumba sikuzote, pamoja na vidonge vya zinki, mahali panapojulikana na kila mtu mzima. Mtoto akianza kuendesha saa nane za usiku, hakuna duka lililo wazi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga ulioganda au kubadilika rangi, tupa.

Nawa mikono kwa sabuni. Maji chemsha kwanza, yaache yapoe, ndipo ukoroge. Usikoroge halafu ukachemsha.

Sasa kipimo cha maji, na hapa soma taratibu.

Jirani yangu aliuziwa pakiti za lita moja kwenye duka la dawa, akaambiwa tu, "Mkorogee anywe." Nyumbani alikuwa na chupa ya soda ya mililita 350. Akamimina pakiti nzima, akajaza maji, akatikisa. Aliamini dawa ikiwa kali itafanya kazi haraka, na wengi wetu tunaamini hivyo kwa dawa karibu zote. Mwanawe, ambaye hata mwaka hajatimiza, alikunywa kwa pupa, akataka tena, na tena. Kuharisha kukazidi. Kufika alfajiri midomo imekauka, analia hanyamaziki, ukimgusa anashtuka, na ile chupa akiiona anaikamata kwa mikono miwili. Tulipomfikisha kituo cha afya, nesi aliuliza kabla ya lolote: "Mama, ulikoroga kwenye maji kiasi gani?" Alipooneshwa chupa, akamwita daktari mbio.

Kilichotokea ni hiki. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za mafuta, wenye protini zilizopenya huku na huku. Maji huweza kuvuka utando huo. Chumvi na sukari hazivuki hivihivi. Upande wenye chumvi nyingi ndio unaovuta maji, na uvutaji huo ndio osmosisi. ORS ya sasa, kwa fomula iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF mwaka 2002, ina miliosmoli 245 kwa lita (miliosmoli ni kipimo cha wingi wa chumvi na sukari zilizoyeyuka), chini kidogo ya damu, ambayo ina kama 290. Kwa hiyo maji hutoka utumboni na kuingia mwilini. Pakiti ileile ndani ya mililita 350 inafika karibu 700, na hapo mkondo unageuka: mwili ndio unaomwaga maji utumboni. Sodiamu, yaani sehemu ya chumvi, inayofika kwenye damu nayo inanyonya maji kutoka ndani ya seli, za ubongo zikiwemo, na seli za ubongo zikisinyaa mtoto anaweza kupata degedege. Hata kumtibu si kummiminia maji tu, maana yakiingia kwa kasi seli hizohizo zinavimba. Yule mtoto alilazwa, akarudishiwa maji kidogokidogo, na alhamdulillahi alipona.

Basi soma pakiti. Zipo za lita moja, zipo za mililita 500, zipo za mililita 200. Pima kwa chupa ya maji yenye ujazo ulioandikwa, si kwa jagi la kukisia. Usigawe pakiti kwa macho.

Sukari iliyomo usidhani ni ya kuleta ladha. Kwenye utando wa seli za utumbo kuna protini iliyo kama mlango usiofunguka kwa mmoja: chembe mbili za sodiamu na moja ya glukosi, yaani ile sukari, huingia pamoja, na maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza njia hiyo mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli zimwage maji kwa wingi, lakini mlango huo haiuharibu. Ndiyo maana mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Lakini usiongeze sukari, wala usimpe soda au juisi badala yake, kwa kuwa sukari ikizidi nayo inavuta maji kuelekea utumboni.

Ukikosa pakiti kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, si vya kulundika. Hii ni ya kusogezea muda tu huku pakiti ikitafutwa.

Mnyweshe kwa kijiko au kikombe. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole zaidi. Kunyonya kuendelee, chakula kiendelee. ORS iliyolala zaidi ya saa 24, mwaga. Zinki asiache kwa sababu choo kimekaza; fuata siku ulizoandikiwa. Dawa za kufunga choo usimpe mtoto.

Macho yakizama, utosi ukibonyea, choo kikiwa na damu, akilegea au akishindwa kunywa, nenda hospitali saa hiyohiyo, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza. Usingoje kukuche.