Mafaili hayasinki kati ya Alfresco na SharePoint? Anza na faili moja tu

Kabla hujabonyeza kile kitufe cha kusinki (kulinganisha mafaili ya pande mbili) upya kila kitu, subiri kwanza. Najua bosi kasimama nyuma ya kiti anauliza mkataba wake uko wapi, ila mimi kitufe hicho kilishanitesa. Ofisi moja niliyofanyia kazi hapa Dar tulikuwa na Alfresco (mfumo wa kutunza nyaraka) kwenye seva yetu wenyewe, SharePoint (mfumo kama huo wa Microsoft) iko mtandaoni, na katikati kuna programu inayopeleka mafaili huku na kule, nikabonyeza usiku, asubuhi mafaili yote ambayo watu walikuwa wameshayafuta yamerudi na wanasheria wameanza kufanyia kazi rasimu za zamani. Tangu hapo nachagua faili moja lililogoma na nalifuata kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 1: jua saa

Muulize mwenye faili alisevu saa ngapi. Atakwambia "saa nne asubuhi", wewe unaenda kwenye logi (kumbukumbu za programu) unatafuta 04:00, huoni kitu, unasema programu imekufa. Saa nne yake ni 10:00, na muda unaoletwa na SharePoint kupitia API (njia ya programu kuongea na programu) ni wa UTC (saa ya kimataifa), mwishoni una herufi Z, sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo unachotafuta ni 07:00. Logi ya Alfresco yenyewe inafuata saa ya seva. Chukua karatasi uandike zote tatu, sitanii, itakuokolea nusu siku. Halafu kwenye seva ya Linux andika `timedatectl` uone kama saa yake inajirekebisha, maana seva iliyochelewa dakika kumi inaweza kuona faili jipya kama la zamani na kuliruka.

Hatua ya 2: soma namba ya kosa

Ukiona 401 (utambulisho umekataliwa) na mafaili yote yamegoma kwa pamoja, angalia paswedi ya programu kule Microsoft Entra (mfumo wa Microsoft wa akaunti na ruhusa), zile zinazotengenezwa kwenye poto (tovuti yake ya usimamizi) haziruhusiwi kuzidi miezi 24 na watu husahau. Ikiwa imeisha utaona AADSTS7000222 kwenye logi. 403 ni ruhusa. 423 maana yake faili limezuiwa kwa sababu kuna mtu kalifungua, mpigie simu afunge Word yake. Na 429 ni SharePoint inakwambia punguza kasi, inakupa na heda ya `Retry-After` yenye sekunde za kusubiri, zisubiri, usiende kuongeza idadi ya kazi zinazokimbia kwa pamoja eti umalize haraka, utazidi kubanwa.

Hatua ya 3: hakuna kosa lakini faili halijafika

Hapa uliza, hivi hilo badiliko lilionekana kweli? Programu nyingi zinasoma orodha ya mabadiliko ya Alfresco kwa CMIS (kiwango cha pamoja cha mifumo ya nyaraka kuongea), na orodha hiyo haiandikwi mpaka kwenye `alfresco-global.properties` uwe na `audit.enabled=true` na `audit.cmischangelog.enabled=true`, kisha uwashe seva upya. Yaliyotokea kabla hujaiwasha hayamo, hayo utayapeleka kwa mkono. Upande wa SharePoint kuna tokeni inayokumbuka uliishia wapi, ukijibiwa 410 ujue tokeni haifai tena, unaanza kusoma upya.

Hatua ya 4: majina na njia

SharePoint inataka njia nzima ya faili, folda zote pamoja na jina, isizidi herufi 400. Alfresco haina shida na hilo, na ofisi zetu tunapenda folda ndani ya folda, "Zabuni za mwaka wa fedha 2022-2023" ndani yake "Zabuni zilizofunguliwa" ndani yake "Zilizofunguliwa mpya". Hesabu. Na ukiwa na folda inaitwa "Forms" pale juu kabisa ya laibrari, ile ya fomu za likizo, badili jina, SharePoint haiikubali hapo. Mafaili yanayoanza na `~$` yaache, ni vivuli vya Word tu.

Hatua ya 5: faili linalozunguka usiku kucha

Hili ndo lililonisumbua kuliko yote. Unafika asubuhi, barua moja ya docx ina vesheni arobaini na hakuna binadamu aliyeigusa. Sababu ni kwamba SharePoint ikipokea faili la Word, Excel au PowerPoint inaweza kuandika taarifa zake ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo saizi na cheksamu (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) vinabadilika. Programu inalinganisha, inaona tofauti, inalirudisha Alfresco kama vesheni mpya, Alfresco inasema kuna badiliko, linakwenda tena.

Usiniamini mimi, jionee. Shusha nakala mbili, moja kila upande, uendeshe `unzip -l` kwa kila moja, maana docx ni zipu tu. Ile ya SharePoint mara nyingi utaikuta na vitu ambavyo nyingine haina, kama `docProps/custom.xml`, wakati `word/document.xml`, yenye maneno ya barua, iko vilevile. Kisha fanya hivyohivyo kwa PDF, hiyo haiguswi, ndo maana PDF hazizunguki.

Dawa yake, iambie programu ipuuze mabadiliko yaliyofanywa na akaunti yake yenyewe, na baada ya kupeleka faili isome upya saizi na cheksamu za SharePoint izihifadhi, isiendelee kushikilia zile za mwanzo. Kama inatumia Microsoft Graph (API ya Microsoft), iangalie `cTag`, alama ya yaliyomo kwenye faili, hiyo haibadiliki mtu akigusa metadata (taarifa kuhusu faili) pekee, tofauti na `eTag`, ambayo hubadilika na hiyo pia.

Hatua ya 6: sasa unaweza kusinki upya

Bekapu kwanza. Zima ufutaji pande zote mbili, chagua folda moja ndogo, pitia orodha ya vilivyofutwa kwenye SharePoint (vinakaa siku 93) ili usifufue kilichofutwa kwa makusudi. Ikimaliza, fungua faili lako lile la mwanzo, ongeza neno moja, sevu, subiri mizunguko miwili ya kusinki, halafu hesabu vesheni. Zikiongezeka moja tu kila upande, washa folda inayofuata. Zikiwa mbili au zaidi, rudi hatua ya 5.