Kuhesabu ndege wa pwani ya Dar es Salaam: pa kuanzia kwa mtafiti chipukizi

Wengi wanaoingia kwenye utafiti wa ndege huanza kwa kukusanya orodha ya aina walizoziona. Orodha inapendeza, ila haisemi kama ndege wanapungua au wanaongezeka. Hilo hujulikana kwa hesabu inayorudiwa mahali palepale kwa namna ileile. Basi chagua kipande kimoja cha pwani, tuseme kilomita 2 huko Kunduchi au Mjimwema, weka alama za GPS mwanzo na mwisho, na usikirefushe hata siku ambayo bado una nguvu.

Muda wa kuhesabu ndio wenye kazi. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope na mafungu ya mchanga wakitafuta minyoo na kaa, na huwamalizi. Yakijaa, husukumwa hadi sehemu chache kavu na kukusanyika hapo. Anza dakika 90 kabla ya maji kujaa kabisa, maliza yanapoanza kutoka. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yaani siku 1 au 2 baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Dar tuna bahati hapa: wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alasiri, na pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jua liko mgongoni mwako na rangi za ndege zinaonekana. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hujaa mnamo saa 4 asubuhi, jua likiwa bado upande wa bahari, na baadhi ya mafungu hayafunikwi. Ndege hubaki mbali wametawanyika, nawe unaandika wamepungua. Saa kamili zitazame kwenye jedwali la maji la bandari, na andika kimo cha maji kila safari.

Darubini ya mkono ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kwa kuanzia. Ya miguu mitatu, ya kukuza mara 20 hadi 60, ndiyo itakayokupa majina ya walio mbali. Nendeni wawili, mmoja ahesabu, mwingine aandike kwa penseli. Wino na jasho havipatani.

Kundi la ndege chini ya 100 hesabu mmoja mmoja. Likiwa kubwa, hesabu 10, tazama wamechukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Jumla kwanza, aina baadaye, kwa sababu kundi likiruka jumla haipatikani tena. Kupata mgawanyo wa aina, chukua sampuli katikati na pembezoni. Wadogo mara nyingi hujitenga upande mmoja, na ukitazama hapo tu umepotea. Mwezi Januari Calidris ferruginea (kwa Kiingereza curlew sandpiper) ni wa kijivu na huchanganywa na wenzake, mtambue kwa mdomo uliopinda chini. Aprili, akikaribia kurudi Siberia, huanza kuwa mwekundu kifuani. Dromas ardeola (kwa Kiingereza crab-plover), mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, hakupi taabu. Usiyemtambua andika "hajatambulika". Kubahatisha jina ni kosa baya kuliko kuacha pengo.

Andika pia sifuri. Andika mbwa, wavuvi wanaokokota juya, watoto wanaocheza mpira, kunguru. Kundi likirushwa, andika limeelekea wapi, vinginevyo utalihesabu tena mita 300 mbele. Usiwakaribie mpaka warukeruke: ndege wa safari ndefu anahitaji mafuta mwilini, na kila mruko unayala.

Rudia kila mwezi, hata wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, wengi wakiwa wameondoka. Wachanga wasiozaa hubaki, na idadi yao nayo ni habari. Hesabu ya Januari ina uzito zaidi, kwani ndiyo inayolingana na sensa ya ndege wa majini inayofanyika Afrika nzima.

Kukamata ndege kwa nyavu na kuwavisha pete ya utambulisho mguuni ni shughuli nyingine. Kunahitaji mafunzo chini ya mvishaji mzoefu na vibali, kwa hiyo fika TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mapema, kabla ya kuomba fedha. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari. Omba ruhusa kabla ya kufanya utafiti huko.

Jioni ileile ingiza takwimu kwenye jedwali la kompyuta: mstari mmoja kwa kila aina kwa kila safari, tarehe kwa mpangilio mmoja, nakala mbili. Miezi 12 ya namna hiyo ni kitu cha kumwekea mezani mhadhiri wa zoolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unapomwomba akusimamie.