Kasha la Geocaching ambalo mwenyewe hayupo: la kutengeneza na la kuacha lifungwe

Geocaching ni mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa na wachezaji wengine; anayelipata husaini daftari lililomo, kisha huandika ripoti kwenye tovuti. Mwenye kasha akihama nchi, akichoka na mchezo au akifariki, kasha lake hubaki kwenye ramani vilevile. Watu huendelea kulitafuta huku daftari likioza na kifuniko kikipasuka. Anayelikuta hali hiyo hutaka kusaidia, na hapo ndipo wengi huharibu: huweka kopo jipya, hujiandikia kwamba wamelipata, huondoka. Msaada wa kweli mara nyingi ni karatasi kavu na ripoti ya ukweli, basi.

Anza kwa kuthibitisha kwamba mwenyewe kweli ameacha. Wasifu wake kwenye Geocaching.com huonyesha tarehe aliyoingia mara ya mwisho. Tazama pia lini aliandika ripoti ya matengenezo, na kama makasha yake mengine yamefungwa na mhakiki (mchezaji wa kujitolea anayesimamia orodha ya makasha) badala ya yeye mwenyewe. Asiyetafuta makasha tena si lazima awe ameacha kutunza yake. Wapo wasiotafuta kabisa lakini wakiandikiwa wanajibu siku hiyohiyo. Mtumie ujumbe ndani ya tovuti na barua pepe pia, maana wengi huzima arifa za mojawapo. Mpe wiki mbili au tatu.

Halafu soma ripoti za waliokosa. Kasha la ugumu wa 1.5, kwa kipimo cha 1 hadi 5, likikoswa na watu wanne mfululizo, pengine halipo. La ugumu wa 4 likikoswa na wanne hao hao, hilo halijathibitisha kitu. Angalia ni nani waliokosa: mzoefu mmoja ana uzito kuliko wageni watatu.

Ukilikuta lipo lakini limechakaa, matengenezo madogo hayahitaji ruhusa. Beba karatasi za akiba, penseli ya HB, vifuko vya plastiki vizito vyenye zipu, kitambaa kikavu, pete mbili tatu za mpira na utepe mweupe wa mafundi bomba. Ukanda wa karatasi, ambao ndio daftari la vyombo vidogo, usikatwe kwa kukisia: pima urefu wa ndani wa chombo, toa milimita 5, huo ndio upana wa ukanda. Karatasi ikizidi, pembe yake hubanwa na kifuniko, nayo huvuta maji ya mvua kuingia ndani kama utambi. Makopo mengi yanayosemwa kwamba yanavuja hayana tundu lolote. Kosa ni hiyo pembe, au punje ya mchanga iliyokaa kwenye mpira wa kifuniko. Futa mpira kwanza kabla ya kuulaumu.

Karatasi isiyopenya maji ni bora, ila ukichapisha mistari tumia printa ya leza, kwa kuwa wino wa printa za kawaida hutiririka. Kwa vichupa vya chuma vya kuzungusha, zungushia hesi (mikunjo ya kufungia kifuniko) mizunguko miwili ya utepe wa mafundi bomba. Mafuta ya mgando usiyapake kwenye pete ya mpira, kwani baadhi ya mipira huvimba na kulegea. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinafaa tu kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kwenye chombo kinachovuja, hujaa maji ndani ya siku chache na kugeuka takataka nyingine. Pwani, wakati wa masika, hali ni hiyo hiyo hata kwa chombo kizima kikifunguliwa mvua ikinyesha. Subiri ipite.

Daftari la zamani usilitupe. Kama limebaki kavu, liache pamoja na jipya. Kama limeoza, piga picha kurasa zinazosomeka na uweke wazi kwenye ripoti yako kwamba umeliondoa. Vyakula, sabuni na vitu vyenye harufu vitoe: hualika siafu, panya na nyani.

Huku kwetu ongeza jambo moja ambalo wageni husahau: karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Kopo zuri lenye kifuniko lina kazi nyumbani, na anayelikuta hana sababu ya kuliacha asipojua ni la nini. Maneno machache yanatosha: "Hili ni kopo la mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa GPS. Halina kitu cha thamani wala cha hatari. Ukitaka andika jina lako, kisha lirudishe palepale." Ukikuta sanduku la chuma la risasi, aina inayopendwa sana Marekani, karibu na daraja, kituo cha polisi au jengo la serikali, usihangaike na karatasi, maana linaweza kudhaniwa ni bomu. Toa taarifa kwa mhakiki siku hiyo hiyo.

Sasa kopo jipya. Kama mwenyewe hajakuomba, usiliweke. La zamani linaweza kuwa bado lipo mita mbili kutoka uliposimama, na sasa yapo mawili. Tena kila anayelipata kopo lako huandika kwamba mambo ni mazuri, na mhakiki anayesoma ripoti hizo haoni sababu ya kuchukua hatua. Kasha lisilo na mwenyewe linapewa uhai wa bandia, kisha kopo lako nalo linapasuka, na hakuna wa kuwajibika.

Njia sahihi ina hatua mbili. Kwanza tuma ripoti ya kumwita mwenye kasha, ukieleza kilichoharibika kwa maneno kamili: "kifuniko kimepasuka upande mmoja, daftari limejaa, nimeongeza ukanda mmoja." Alama ya spana itatokea kwenye ukurasa wa kasha, nayo haitaondoka kwa sababu umetengeneza, ni mwenyewe anayeiondoa kwa ripoti yake ya matengenezo. Mwezi ukipita kimya, tuma ripoti ya kumwita mhakiki. Wahakiki ni watu wa kujitolea, hawawezi kwenda msituni, kwa hiyo wanategemea ulichoandika. Kwa kawaida mhakiki husimamisha kasha kwa muda, humpa mwenyewe karibu wiki 4, na asipojibu hulifunga. Lililofungwa kwa kukosa matunzo kwa kawaida halifunguliwi tena.

Wapo wanaoona kufanya hivyo ni uchongezi. Si uchongezi, nafasi hiyo inamzuia mwingine kuficha.

Kurithi kasha kunawezekana, lakini lazima mwenyewe akubali. Yeye ndiye huanzisha uhamisho kwenye tovuti, wewe unapokea, na namba ya GC (namba ya kasha kwenye tovuti) pamoja na ripoti zote hubaki. Makao makuu ya Geocaching, Seattle, hayahamishi kasha bila idhini yake, hata kama umelitunza miaka. Kwa hiyo ukisikia mtu anajiandaa kurudi kwao, zungumza naye kabla hajapanda ndege. Kwa makasha ya zamani sana inafaa kuhangaika zaidi kumtafuta mwenyewe. Yaliyobaki ya mwaka 2000, mchezo ulipoanza, ni machache, na kasha liitwalo Mingo, la Kansas, Marekani, namba GC30, limekuwapo tangu Mei ya mwaka huo.

Kasha likishafungwa, chombo bado ni mali ya mtu. Muulize kwa maandishi, kisha angalia kama halijaorodheshwa pia kwenye mtandao mwingine kama Opencaching. Kukiwa kimya, na hakuna orodha nyingine, lichukue ili lisibaki uchafu, na uandike hivyo kwenye ukurasa. Vitu vya kusafiri vyenye namba ya ufuatiliaji, yaani vile ambavyo wachezaji huvihamisha kutoka kasha hadi kasha, vipeleke kwenye kasha lingine lenye mwenyewe na uvisajili. Vilivyoorodheshwa lakini havimo, mwandikie mwenye kila kimoja.

Baada ya hapo unaweza kuficha lako. Umbali wa angalau mita 161 kutoka kasha lingine hupimwa upya, la zamani halihesabiwi tena, na waliolipata lile wana haki ya kulitafuta hili. Chagua kona tofauti kidogo: kama la kwanza liliibwa, wezi wanajua shina lile.