Somo: Kuilekeza mashine ya CNC kwa kamera unapogeuza bodi ya saketi

Kila aliyechonga bodi ya saketi yenye nyuso mbili kwa mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, anajua uchungu wa kuigeuza bodi, kuibana tena kwa uangalifu wote, kisha kukuta matundu yameangukia pembeni mwa viduara vya shaba vya uso wa pili. Chukua bodi yenye matundu mawili ya mwongozo, yaani ya kuonyesha ilivyolala, yaliyoachana kwa milimita 80. Ikibanwa huku upande mmoja umesogea mbele nusu milimita, inakuwa imezunguka kwa nyuzi 0.36, na kiduara kilicho milimita 60 kutoka kwenye sifuri ya vipimo kitakosea kwa takriban milimita 0.375. Ikiwa kiduara hicho kina upana wa milimita 1.6 na tundu la milimita 0.8, upande mmoja unabaki na uzi wa shaba wa milimita 0.025 tu, nao huinuka mara chuma cha kulehemu kinapougusa. Macho yetu hayaoni kosa hilo wakati wa kubana. Kamera ya bei nafuu ya USB inaliona.

Hatua ya kwanza ni kufunga kamera kando ya mota ya kuchongea, ikitazama chini wima, kwa kishikio cha chuma kisichotikisika. Zima ulengaji wa kujiendesha na urekebishaji wa mwanga wa kujiendesha, kwa sababu lenzi inayojirekebisha yenyewe hubadilisha ukubwa wa picha bila kukuarifu. Chagua urefu mmoja wa Z (mwendo wa juu na chini) wa kutazamia na usiubadilishe tena: kamera iliyoinama hata kidogo huhamisha picha kila urefu unapobadilika.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka na kuijutia, ni kuifundisha programu uhusiano kati ya pikseli na milimita. Weka tundu moja katikati ya picha, sogeza X (mwendo wa kushoto na kulia) kwa milimita 1, uandike tundu limehama pikseli ngapi kwa mlalo na ngapi kwa wima. Rudi mwanzo, kisha fanya vivyo hivyo kwa Y (mwendo wa mbele na nyuma). Kwenye mashine yangu, X ilihamisha tundu kwa −61 na 3, na Y kwa 3 na 61. Namba 3 inayojitokeza mara mbili inaonyesha kwamba kamera imefungwa ikiwa imezunguka kidogo, na huna haja ya kuhangaika kuinyoosha: namba hizo nne zikiwekwa kwenye milinganyo miwili, programu itatafsiri umbali wowote wa pikseli kuwa mwendo sahihi wa X na Y. Pikseli moja hapa ni kama milimita 0.016.

Tatu, pima umbali kati ya kamera na keekee. Toboa kitundu kifupi kwenye kipande kibovu, andika mahali mashine ilipo, inua Z hadi urefu wa kutazamia, kisha isogeze mpaka kitundu kile kikae chini ya alama ya msalaba iliyo katikati ya picha. Tofauti kati ya mahali pa kwanza na pa pili ndiyo utakayoitumia kila mara.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Bodi ikishageuzwa na kubanwa, mashine inasogea hadi juu ya tundu la mwongozo, inasimama, kamera inatazama, programu inakokotoa kosa, mashine inasogea tena kiasi kidogo, na mzunguko unarudiwa mpaka kosa lishuke chini ya milimita 0.02. Kwa kuwa kipimo cha mwisho hufanyika katikati kabisa ya picha, mpindo wa lenzi kwenye kingo hauna nafasi ya kukudanganya. Mizunguko mitano ikipita bila mafanikio, programu isimame na kumwita fundi.

Zingatieni neno "inasimama". GRBL, programu inayoendesha mota za mashine, inapojibu "ok" haimaanishi kwamba mwendo umekamilika, bali kwamba amri imepokelewa kwenye foleni. Tumeni G4 P0.01 (amri ya kusubiri kidogo, isiyojibiwa mpaka mwendo uishe) baada ya kila mwendo, au ulizeni hali kwa alama ya "?" mpaka ijibu Idle (imetulia), kisha mtupe picha chache za kwanza, kwa kuwa huenda zilipigwa kabla mashine haijatulia.

Baada ya kupata matundu yote mawili, angalia kwanza umbali kati yake. Ukipata 80.3 badala ya 80, usiendelee. Ama umeshika tundu lisilo lenyewe, ama idadi ya hatua za mota kwa milimita imekosewa. Umbali ukikubali, kokotoa pembe ambayo bodi imezunguka. LinuxCNC, programu nyingine ya kuendesha mashine, huipokea pembe hiyo kupitia R katika amri ya G10 L2, lakini GRBL haiikubali, hivyo zungusha namba za X na Y ndani ya faili kabla ya kuituma.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shaba inang'aa sana na OpenCV, programu ninayoitumia kusoma picha, inaniletea miduara mitatu mahali penye tundu moja. Nifanye nini?*

Ukitazama kwa karibu utaona ukingo wa tundu una makapi ya shaba yanayorudisha mwanga kama pete, na programu huihesabu pete hiyo kuwa duara jingine. Yasugue kwa msasa laini, na ufunike taa kwa karatasi nyembamba ili mwanga usambae. Iwapo meza yako inaruhusu, weka taa chini ya bodi: tundu litawaka jeupe na shaba itabaki nyeusi.

*Kwa nini tusiiache kamera iongoze mashine wakati inachonga?*

Kwa kasi ya milimita 600 kwa dakika, mashine husafiri milimita 10 kila sekunde. Picha ikichelewa milisekunde 100 tu, unasahihisha mahali ulipopaacha milimita nzima nyuma. Vumbi nalo litaziba lenzi.

*Samahani mwalimu, mimi kosa langu hurudi na kwenda bila kutulia, mara kulia, mara kushoto.*

Skrubu yako inacheza, ndugu yangu. Kamera yenyewe itakupimia: lifikie tundu lilelile ukitokea kushoto, halafu ukitokea kulia, na tofauti ya picha hizo mbili ndiyo nafasi iliyomo kwenye nati. Ibane au uibadilishe. Kabla hujapata nyingine, iamuru programu irudi nyuma milimita 1 na kulifikia kila tundu ikitokea upande mmoja tu, hata wakati wa kutoboa.